Maltimita ya elfu kumi na mbili: inafaa, au ni kutupa hela?

KijanaChuno

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, nataka mita ya kwanza. Madukani hapa nyingi ni zile ndogo za DT830D, swichi ya kuzungusha katikati, betri moja ya volti 9. Nimetajiwa 12,000. Usoni imeandikwa CAT III 1000V.

Kazi zenyewe: betri na paneli za sola za nyumbani, chaji ya bodaboda, chaja na redio zilizokufa, na mara mojamoja soketi na swichi za ndani ya nyumba. Naomba kujua kama inatosha, naipimaje dukani kabla sijalipa, na nikisubiri nipate mara nne ya hela hiyo nitapata kitu gani cha zaidi. Anayejua aniambie kwa namba, maana "nzuri tu" nimeshaisikia sana.

FundiRahaleo

Karibu mkuu. Kwa kazi ya DC hiyo mita inalipa, tena sana. Watu wengi huuliza kama inasema kweli, na kwa volti za DC kweli inasema. Karatasi ya maelezo ya mita ya aina hii kwa kawaida inatoa kosa la asilimia 0.5 jumlisha tarakimu 2, yaani hatua mbili za namba ya mwisho kwenye kioo. Betri yenye volti 12.60 ukiipima kwenye 20V, asilimia 0.5 ni volti 0.06, na tarakimu mbili ni 0.02. Yaani itasoma popote kati ya 12.52 na 12.68. Kuamua kama betri imejaa au imeisha, hiyo inatosha na kubaki.

AC ndiyo habari nyingine. Upande wa 750V kila tarakimu ni volti nzima, na kosa ni asilimia 1.2 jumlisha tarakimu 10. Piga hesabu kwa umeme wa 230: karibu volti 3 na 10, jumla 13. Kwa hiyo ikikuonyesha 218 usikimbilie kusema umeme umeshuka, huenda ni 230 kamili. Ikikuonyesha 170, hapo umeshuka kweli na friji izimwe. Kwa AC ndogo, mfano volti 6 za transfoma ya redio, usiiamini kabisa. Humo ndani AC inapita kwenye daiodi moja tu kabla ya kupimwa, na daiodi inakula sehemu yake.

Dukani nenda na vitu viwili mfukoni: betri mpya ya alkali ya AA, na rezista za asilimia 1 (zile za bluu) za omu 100, kilo-omu 10 na kilo-omu 100. Halafu fanya hivi.

Omba mita tatu, si moja. Pima betri ileile kwa zote tatu kwenye 2000m au 20V. AA mpya iko kati ya 1.5 na 1.65. Zikikubaliana ndani ya 0.01 au 0.02 uko salama. Iliyotoka nje ya wenzake iache, hata muuzaji akuapie.

Weka 200 ya omu, gusanisha ncha mbili kwa nguvu. Inatakiwa 0.2 hadi 0.6, itulie. Huo ni ukinzani wa waya zenyewe, utautoa kila unapopima omu ndogo. Ikisoma zaidi ya 1, au namba ikicheza, waya ni mbovu au matundu yamelegea. Ukiwa hapohapo, weka alama ya mlio, shikilia ncha zimegusana, kunja waya pale shingoni na pale inapoingia kwenye mita. Mlio ukikatika, achana nayo.

Rezista ya kilo-omu 10 kwenye 20k: pokea kuanzia 9.8 hadi 10.2. Kisha sukuma kile kiswichi cha katikati pembeni kidogo kwa kidole wakati ncha ziko kwenye betri. Namba ikirukaruka, mguso wa ndani ni dhaifu, na huo hautapona kwa kutumika.

Angalia pia herufi ya mwisho. DT830D ina mlio. DT830B haina, na kwa fundi wa waya mlio ni nusu ya kazi. Ila kumbuka mlio huo unalia kwa chochote kilicho chini ya omu 50 hivi, nyingine hadi 70. Waya wa ethi wenye kiungo kilichooza na omu 40 utakulilia vizuri tu. Ukisikia mlio, rudi kwenye 200 usome namba.

MzeeWaya

Mdogo wangu Fundi kaeleza vizuri juu ya kipimo. Mimi naongeza juu ya usalama, kwa sababu kijana kataja soketi.

Swali la mita rahisi ni nini kinatokea siku mkono umekosea. Hiyo CAT III 1000V uliyoiona, yaani daraja la usalama la mita ya kupimia hadi kwenye kisanduku cha breka, ni wino tu. Soma pale kwenye tundu la 10A: utakuta neno UNFUSED, yaani halina fyuzi. Maana yake kati ya ncha zako mbili, tundu hilo likitumika, kuna kipande cha waya mnene kama wa chuma wenye karibu omu 0.01, basi. Ukisahau waya mwekundu humo baada ya kupima ampia, kisha ukachomeka kwenye soketi kupima volti, umeunganisha fezi na nyutro kwa waya mfupi. Swichi ya mita uwe umeiweka popote, haisaidii, tundu ndilo linaloamua. Mita yenye haki ya kuandikwa CAT III haiwezi kuwa na tundu la ampia lisilo na fyuzi ya volti hizohizo.

Fungua mgongo ukiruhusiwa, skrubu mbili tu. Utaona fyuzi ndogo ya kioo, milimita 5 kwa 20, imeandikwa 250V, nayo inalinda tundu la milimita-ampia pekee. Fyuzi ya kioo ya saizi hiyo imetengenezwa kukata mkondo usiozidi ampia 35 au mara kumi ya ukubwa wake, kutegemea ipi kubwa. Karibu na transfoma ya mtaani mkondo wa shoti ni mamia ya ampia, hata maelfu. Hapo waya wa fyuzi unayeyuka, lakini mvuke wake unaendelea kupitisha umeme ndani ya kioo, kioo kinapasuka, na moto unaendelea kwenye bodi mbele ya uso wako. Mita ya kweli ina fyuzi nene ya kauri iliyojaa mchanga, ya 600V au 1000V, kwenye matundu yote mawili ya ampia. Mchanga ndio unaouzima ule moto.

Usitishwe na tone jeusi la gundi katikati ya bodi. Ndiyo chipu yenyewe, iko hivyo kwa unafuu na inafanya kazi. Tazama nafasi tupu zilizochorwa alama lakini hazina kitu, karibu na pale waya zinapoingia. Palitakiwa vizuia-mshtuko pale, vile vya kumeza volti za ghafla, mtengenezaji kaviacha.

Kwa hiyo mpaka wangu uko hivi. DC ya chini ya volti 60, hiyo mita itumie utakavyo. Soketi ya ukutani, nyuma ya sakiti breka ndogo, inawezekana kwa nidhamu. Kisanduku cha breka, meinswichi, waya unaoingia kutoka nguzoni, mota ya fezi tatu ya mashine ya kusaga: hapana.

Sola_Nachingwea

Kwa upande wa sola nakubali ni mita ya kununua, ila namba chache zikae kichwani.

Paneli ya 12V (ile ya seli 36) ikiwa haijaunganishwa na kitu, juani inatoa volti 20 hadi 22. Ikiwa 20.9, bado hujui kama ni nzima. Paneli mbovu nayo inaweza kutoa volti kamili, mkondo ndio unaokosekana. Ya wati 100 inatoa karibu ampia 6 ukiifunga shoti, na kuifunga hivyo haiiharibu. Waya mwekundu 10A, swichi 10A, gusa, soma, toa. Sekunde 10 zisizidi, kisha ipumzike, kwa sababu waya za mita hizi ni nyembamba na zinapata moto. Zile paneli kubwa mpya za wati 500 na kitu zinatoa ampia 13 au 14, usijaribu kwa tundu la 10. Na tundu hilohilo usilipeleke kwenye betri hata kwa utani. Betri ikifungwa shoti inatoa mamia ya ampia.

Paneli zikiunganishwa mfululizo hadi volti 100 na zaidi, moto wa DC ukishaanza hauzimiki kirahisi kama wa AC, kwa kuwa DC haipiti kwenye sifuri. Hapo mita hii haina kazi, iwe imeandikwa 1000V au vipi.

Kuhusu inveta za bei nafuu, zile za wimbi la ngazi: mita hii itakudanganya na kosa si la inveta. Mita ya kawaida inapima wastani kisha inauzidisha kwa 1.11 ikidhani wimbi ni laini kama la umeme wa ukutani. Inveta yenye kilele cha volti 325 inayowaka nusu ya muda inatoa 230 halisi, lakini wastani wake ni 162, mara 1.11 ni 180. Mtu anaona 180 anarudisha inveta nzima dukani. Kwa kazi hiyo inahitajika mita iliyoandikwa TRUE RMS, inayopima volti halisi hata wimbi likiwa la ngazi. Hiyo ndiyo moja ya sababu za maana za kulipa mara nne.

Bodaboda: injini imezimwa, 12.4 hadi 12.8. Ukipiga stata isishuke chini ya 10 hivi, ikishuka betri imechoka au kiungo kina kutu. Injini ikizunguka kati, 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, regileta imekufa na itakaanga betri na taa. Ikibaki 12.5 hata ukivuta mafuta, chaji haifiki. Shika waya za mita mbali na waya wa plagi, cheche zake zinafanya namba zicheze kama mita imerogwa.

Motokaa_Masasi

Mnamtisha kijana bure. Mafundi wote kuanzia Masasi hadi Lindi wanatumia hizohizo kwenye soketi kila siku na wako hai. Tofauti ya hizo za ghali ni jina tu. Anunue, abaki na chenji ya nauli.

MzeeWaya

Sijasema asinunue, bwana. Nimesema asiende nayo kwenye meinswichi. Kwenye soketi mwenyewe nimemruhusu, kwa masharti, na masharti ni haya.

Waya mwekundu uwe kwenye tundu la VΩmA, uuangalie kwa macho kila mara. Swichi iwe 750 ya AC. Ukiweka DC kwa bahati mbaya, umeme wa 230 utaonyesha sifuri au namba ndogo inayochezacheza, na wewe utasema waya umekufa, uushike. Ndiyo hatari inayoua kuliko kupasuka. Dawa yake: pima kwanza soketi unayojua ina umeme, pima unayoishuku, rudi upime ile ya kwanza tena. Betri ya mita ikifa katikati au waya ukikatika ndani, hapo ndipo utagundua.

Anza na nyutro, kisha fezi. Ukitoa, toa fezi kwanza. Mkono mmoja inapowezekana. Usizungushe swichi ncha zikiwa kwenye umeme.

Na waya za mita zibadilishwe mapema. Zinazokuja nazo zina nyuzi chache za shaba na ngozi ngumu inayopasuka shingoni. Tafuta zenye ngozi laini ya silikoni na ukingo wa kuzuia kidole, ncha yake ya chuma iwe imefunikwa na kubaki milimita chache tu. Hizo utahamia nazo hata ukinunua mita nyingine.

KijanaChuno

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimerudi dukani na betri ya AA na rezista. Wamenipa mbili tu. Mita A: AA 1.58, omu zikigusana 0.4, kilo-omu 10 ikasoma 9.97. Mita B: AA ileile 1.74, omu 0.5, kilo-omu 10 ikasoma 9.98. Kwenye betri ya pikipiki ya muuzaji A ilisema 12.6, B ikasema 13.9 injini imezimwa. Muuzaji anadai B ndiyo kali zaidi kwa sababu inaona volti nyingi. Mbona omu ziko sawa na volti zimeachana?

FundiRahaleo

Umeleta vipimo vizuri. B ina betri iliyochoka ndani, huenda imekaa dukani muda mrefu.

Chipu inapima volti kwa kulinganisha na volti ya rejea inayotengeneza yenyewe kutoka kwenye betri ya 9. Betri ikishuka kuelekea volti 7, rejea nayo inaanza kushuka, na kila kitu unachopima kinaonekana kikubwa. B imezidi kwa asilimia 10 kwenye AA (1.74 kwa 1.58) na asilimia 10 kwenye pikipiki (13.9 kwa 12.6). Uwiano uleule, ndiyo saini ya rejea iliyoshuka. Omu hazikuathirika kwa sababu mita inalinganisha rezista yako na rezista yake ya ndani kwa mkondo mmoja, rejea ikishuka inashuka pande zote mbili.

Alama ya betri inatakiwa itokee kwenye kioo, lakini nyingine haiwaki mpaka mambo yameharibika, na nyingine hawajaiweka kabisa. Hamisha betri ya A uiweke B. Ikirudi 1.58 basi B ni nzima, inataka betri tu. Isiporudi, kuna mtu amegeuza kile kiskrubu kidogo cha ndani cha kurekebishia kipimo, iache. Na wewe usikiguse siku yoyote kama huna volti ya uhakika ya kulinganishia.

Betri zinazokuja nazo zimeandikwa 6F22, hizo ni za kaboni. Nunua 6LR61, ni ya alkali, inadumu zaidi. Mita hii haijizimi yenyewe. Rudisha OFF kila unapomaliza.

KijanaChuno

Nimehamisha, B imesoma 1.58. Nimechukua A, na betri ya alkali. Sasa chaja za simu: naanzia wapi bila kujiua?

FundiRahaleo

Chomoa ukutani kwanza. Ile kapasita kubwa ya upande wa umeme inabeba 230 mara 1.41, yaani karibu volti 325 za DC, na ikiwa chaja imekufa kwa sehemu ya kuwashia, hiyo volti inabaki humo baada ya kuchomoa. Weka mita 1000 ya DC, pima. Ikiwa ipo, imwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 uliyoishika kwa koleo lenye mpira, sekunde tano, pima tena. Usiipige shoti kwa bisibisi. Ukiweka mita kwenye omu wakati kapasita imejaa, umemaliza mita.

Ikishakuwa sifuri, nenda kwenye alama ya daiodi. Daiodi nne za kuingilia (nyingi ni 1N4007) zisome 500 hadi 650 (milivolti) upande mmoja na "1" upande wa pili; "1" peke yake maana yake imezidi kipimo. Ikilia pande zote, imepiga shoti, na fyuzi au rezista ya kuingilia nayo imekwenda. Daiodi ya upande wa volti 5 ni aina nyingine, itasoma 150 hadi 300, usiitupe ukidhani mbovu. Ledi nyekundu itawaka hafifu na kusoma 1600 hadi 1900. Nyeupe itasoma "1" tu kwa kuwa inataka volti nyingi kuliko uwezo wa kioo hicho, si kwamba imekufa.

Kuhusu ile mara nne ya hela: kwa kazi za bodi ungepata kipimo cha kapasita, na kwa chaja na redio kapasita ndizo zinazokufa zaidi. ANENG AN8008 inacho, kioo chake kinahesabu hadi 9999, na ni TRUE RMS. Kwa mkondo wa sola bila kukata waya kuna klampu ya UNI-T UT210E, inapima DC hadi ampia 100. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili ninayoipeleka kwenye meinswichi vilevile.

binti_Mikindani

Nyongeza ya pwani. Hewa yetu ina chumvi, na anayefanya kazi karibu na mashamba ya chumvi atakutana nayo mapema. Matundu ya mita yanashika kutu ya kijani, na ile swichi ndani inakusanya unyevu. Dalili: omu kubwa zinasoma hata ncha zikiwa hazijagusa kitu. Kwenye 2000k ncha zikiwa hewani lazima uone "1" peke yake kushoto. Ukiona namba, bodi imenyonya unyevu. Ifungue, toa betri, isafishe kwa spiriti na brashi ya meno, iache ikauke kabisa. Angalia usipoteze vile vibati vya mguso chini ya swichi, vinaruka.

Vistari vya namba vikianza kukosekana kwenye kioo (8 inaonekana 6), kioo hakijafa. Kuna ule mpira wenye mistari kati ya kioo na bodi. Futa mpira na bodi kwa spiriti, rudisha, kaza skrubu sawasawa.

Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukijua hutaitumia mwezi mzima, betri itoke.

KijanaChuno

Shukrani wote. Waya za silikoni zenye plagi ya kawaida zitaingia kwenye matundu ya DT830D? Naona matundu yake ni mafupi.

MzeeWaya

Plagi ya milimita 4 inaingia, lakini zenye kifuniko kirefu cha plastiki kuzunguka chuma nyingine zinagota kwenye ukingo wa mita kabla chuma hakijafika chini. Nenda na mita, ujaribu dukani, ugusanishe ncha usome omu. Ikishuka hadi 0.1 au 0.2 na kutulia, imefika.